Roto, abierto, dormido: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hali ya matokeo katika Kihispania

Maswali haya yametoka darasani, mengi yakiwa ya waongozaji watalii na wauguzi walioanza Kihispania wakiwa watu wazima, tayari na lugha mbili tatu kichwani. Karibu yote yana mzizi mmoja: kiambishi *-me-* cha Kiswahili kinabeba peke yake kazi ambayo Kihispania kimeigawia vitenzi vitano au sita. Aliyezoea kutia kila kitu kwenye kapu moja, akionyeshwa kabati la droo sita, hana budi kuuliza kipi kinakwenda wapi.

## Mambo ya msingi

1. Hali ya matokeo ni nini hasa?

Ni hali inayobaki baada ya tendo kwisha. Mtoto anaangusha kikombe. Hilo ni tendo, lina saa na dakika yake. Kikombe kinabaki sakafuni vipande vipande; hiyo ni hali, na itaendelea mpaka mtu achukue ufagio.

Kiswahili husema *kimevunjika* kwa yote mawili, na msikilizaji huelewa kutokana na mazingira. Kihispania hutenga. Tendo ni *se ha roto la taza* (au *se rompió la taza*), na hali ni *la taza está rota*. Ukimwambia mhudumu wa hoteli *la taza se ha roto*, atatazama kama umejikata. Ukimwambia *la taza está rota*, atakuletea kingine.

2. Neno hilo roto, cerrado, dormido linaundwaje?

Tutaliita partisipio. Vitenzi vya *-ar* huchukua *-ado* (*cerrar*, *cerrado*), vya *-er* na *-ir* huchukua *-ido* (*vender*, *vendido*, *dormir*, *dormido*). Kama mbele ya *-ido* kuna irabu *a*, *e* au *o*, weka alama ya mkazo: *caído*, *leído*, *oído*. Baada ya *u* haiwekwi: *construido*.

Kisha kuna wakaidi, nao kwa bahati mbaya ndio utakaowahitaji kila siku: *abierto* (abrir), *cubierto* (cubrir), *dicho* (decir), *escrito* (escribir), *hecho* (hacer), *muerto* (morir), *puesto* (poner), *resuelto* (resolver), *roto* (romper), *visto* (ver), *vuelto* (volver). Watoto wao hurithi ukaidi: *descubierto*, *devuelto*, *deshecho*, *envuelto*, *satisfecho*. Wakariri hao kumi na mmoja wiki ya kwanza. Hakuna njia ya mkato ninayoijua.

3. Kwa nini mara naona rota, mara rotos?

Kwa sababu likitumika kueleza hali, partisipio hufuata jina kama kivumishi. Kihispania kina jinsia mbili na idadi mbili, kwa hiyo maumbo ni manne tu: *el vaso está roto*, *los vasos están rotos*, *la ventana está rota*, *las ventanas están rotas*. Mtu aliyekulia kwenye *kimevunjika, vimevunjika, limevunjika, yamevunjika, umevunjika, imevunjika* hana haki ya kulalamikia maumbo manne.

Vitu vya jinsia tofauti vikitajwa pamoja, chukua umbo la kiume la wingi: *la puerta y el portón están cerrados*.

4. Mbona kwenye he roto haibadiliki?

Baada ya *haber*, kitenzi kisaidizi kinachotupa *he* na *ha*, partisipio huganda kwenye *-o*, hata kama aliyevunja ni mwanamke na alichovunja ni madirisha kumi: *María ha roto diez ventanas*. Hapo unasimulia tendo.

Zamani haikuwa hivyo. Katika Kihispania cha Zama za Kati partisipio baada ya *haber* iliweza kufuata jina la kitu kilichotendwa, kwa kuwa *haber* bado ilikuwa na maana ya "kuwa na". *Tener* ilipoinyang'anya maana hiyo, *haber* ikabaki kitenzi kisaidizi tu na partisipio ikaganda. Antonio de Nebrija, aliyetoa sarufi yake ya Kikastilia, yaani Kihispania, mwaka 1492, aliliona umbo hili lililoganda kuwa la pekee kiasi kwamba alilihesabu kama aina ya neno inayojitegemea. Upatanisho wa kale haukufa. Ulihamia kwenye *tener*, nayo iko swali la 13.

5. Nitajuaje kama -me- yangu ni está au ni ha?

Tumia kipimo cha *bado*. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, weka *bado* mwanzoni, halafu isikilize.

*Bado amelala*: sawa. Basi ni hali: *todavía está dormido*. *Bado duka limefungwa*: sawa, *la tienda sigue cerrada*. *Bado amechoka*: sawa, *todavía está cansado*. Sasa jaribu *bado amekula*. Haisemeki, kwa sababu hakuna hali ya "kula" inayoendelea kumkalia mtu. Hapo utasema *ha comido* au *ya comió*. Lakini *bado ameshiba* inasemeka, na kwa Kihispania ni *todavía está lleno*.

Kipimo hiki hakikosei mara nyingi. Ninaponaswa nacho ni kwenye *amesafiri*. Tunasema *bado amesafiri* kwa maana kwamba bado hayupo, lakini *está viajado* haikubaliki. Mhispania atasema *está de viaje*. Neno *viajado* lipo, ila humsifia mtu aliyetembea dunia.

## Estar na ser

6. Nilifundishwa kwamba ser ni ya kudumu na estar ni ya muda. Mbona maiti está muerto?

Kwa sababu kanuni uliyofundishwa kuhusu vitenzi hivi viwili vya "kuwa" ni ya kuvukia barabara siku ya kwanza tu. Kifo ni cha kudumu kuliko kimo cha mtu au kazi yake, na bado husemwa *está muerto*. Kinachoangaliwa ni jinsi hali ilivyopatikana. *Está muerto* kwa sababu kulikuwa na kufa. *Está roto* kwa sababu kulikuwa na kuvunjika. *Está construido de piedra* kwa sababu kulikuwa na kujenga, hata kama jengo limesimama miaka 500. Hali iliyozaliwa na tendo huchukua *estar*, iwe ya dakika mbili au ya milele.

Ndoa inapita katikati. *Está casado* na *es casado* zote ni Kihispania sahihi: ya kwanza inaiona ndoa kama matokeo, ya pili inamweka mtu kwenye kundi lake kama unavyojaza fomu, na husikika zaidi Amerika (hapa na kwingine, nchi za Amerika zinazosema Kihispania). Jambo moja litakushangaza: Kihispania hakijali nani kaoa na nani kaolewa. *Ameoa* ni *está casado*, *ameolewa* ni *está casada*, na tofauti yote iko kwenye irabu ya mwisho.

7. La tienda fue cerrada na la tienda estaba cerrada zinatofautiana vipi?

Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko unavyodhani. *Fue cerrada* ni *lilifungwa*: kuna mtu, labda wa manispaa, alikuja akalifunga. *Estaba cerrada* ni *lilikuwa limefungwa*: ulipofika ulikuta kufuli. *Ser* na partisipio husimulia tukio. *Estar* na partisipio huonyesha ulichokikuta.

Kwa mazungumzo ya kawaida *fue cerrada* ina harufu ya gazeti. Watu husema *la cerraron*, "walilifunga", bila kutaja ni kina nani, au *se cerró*.

8. Na estuvo cerrada?

*Estaba* hukuacha ndani ya hali bila kukuonyesha mwisho wake. *Estuvo* huipa hali mipaka. *La carretera estuvo cerrada tres días*: barabara ilikaa imefungwa siku tatu, kisha ikafunguliwa. Kiswahili huelekeza maana hii kwa *kukaa*: *ilikaa imefungwa*, *alikaa amenuna wiki nzima*. Ukisikia *kukaa* ya aina hiyo kichwani mwako, andika *estuvo*.

9. Kiswahili kinatenga umevunjika na umevunjwa. Kihispania kinatenga wapi?

Kwenye tendo, ndiyo. *Se rompió* inakaribiana na kauli ya kutendeka, *fue roto* na kauli ya kutendwa. Kwenye hali, hapana. *Está roto* haikuambii kama kilivunjika chenyewe au kuna mkono wa mtu. Ukitaka kulaumu itabidi uongeze sentensi. Kwa maoni yangu hapa Kiswahili kinashinda kwa mbali.

Kuna njia ya kati inayopendwa sana. *He roto el vaso* ni kukiri: nimeivunja glasi. *Se me ha roto el vaso* ni ndugu wa *glasi imenivunjikia mkononi*: ilikuwa kwangu, lakini msinitazame hivyo.

10. Naweza kutaja mtendaji baada ya estar?

Pale tu ambapo mtendaji bado anaonekana ndani ya hali yenyewe. *La carta está firmada por la directora* ni sawa, maana sahihi yake ipo pale kwenye karatasi. *La ciudad está rodeada de montañas*, *el hotel está dirigido por dos hermanas*: sawa pia. Lakini *la puerta está abierta por el guardia* inakwaruza sikio. Mlango ulio wazi hauonyeshi ni nani aliyeufungua. Sema *la abrió el guardia*.

11. Ameketi ni está sentando?

Hapana, na kosa hili huwapata zaidi wanaopitia Kiingereza njiani. Nenda moja kwa moja kutoka Kiswahili, utakuwa salama: *anaketi*, yuko katikati ya kushuka kitini, ni *se está sentando*, *ameketi* ni *está sentado*. Umbo la *-ndo* ni la *-na-*, na partisipio ni ya *-me-*.

Mikao yote ya mwili hufuata njia hiyo. *Amejilaza* ni *está acostado* au *está tumbado*; *amepiga magoti*, *está arrodillado*; *ameegemea ukuta*, *está apoyado en la pared*; *amejificha*, *está escondido*. *Amechuchumaa* haina partisipio inayotumika sana, watu husema *está en cuclillas*.

*Amesimama* ina mtego wa kijiografia. *Está de pie* inaeleweka kila mahali. *Está parado* katika nchi nyingi za Amerika ni "amesimama wima", lakini Hispania ni "amekwama, hatembei" au "hana kazi". Mwongozaji akiwaambia wageni kutoka Madrid kwamba twiga *está parado*, wataelewa kwamba ameacha kutembea, na kuna atakayetania kwamba twiga naye amekosa ajira.

Mavazi nayo yana tabia yake. *Anavaa shati* ni *se está poniendo una camisa*. *Amevaa shati jeupe* ni *lleva una camisa blanca*, au *lleva puesta una camisa blanca*. Si *está puesto*.

## Vitenzi vingine vinavyobeba hali

12. Quedar inaongeza nini ambacho estar haina?

*Estar* inakuta hali. *Quedar* inaonyesha hali ikianza kutokana na jambo lililotangulia. *El puente está destruido*: daraja limebomoka, ndivyo lilivyo. *El puente quedó destruido*: baada ya mafuriko, daraja likabaki limebomoka. Mara nyingi *kubaki* au *kuachwa* ya Kiswahili inatosha kama tafsiri.

Ofisini na hotelini *quedar* hutangaza kwamba shughuli imekwisha: *queda confirmada su reserva*, uwekaji wako wa nafasi umethibitishwa rasmi. Ina uzito kuliko *está confirmada*, kama muhuri.

*Quedarse* huja kwa wingi panapokuwa na mtu. *Se quedó dormido* ni "usingizi ulimchukua", aghalabu bila kukusudia. *Se quedó callada*, akanyamaza kimya. *Se quedó sorprendido*, akabaki ameduwaa. Matumizi ya *quedar* na *quedarse* hupishana kati ya nchi. Aliyepata mimba, Hispania husemwa *se quedó embarazada*, na Amerika mara nyingi *quedó embarazada*. Usipoteze usingizi juu ya kale ka-*se*, utaeleweka.

13. Tengo reservadas dos habitaciones: kwa nini tener, na kwa nini reservadas?

Tuchukue vyumba viwili na tuvitazame kutoka pande zote, maana swali hili likieleweka nusu ya kazi imekwisha.

*He reservado dos habitaciones.* Nilifanya kitendo cha kuweka nafasi. Partisipio imeganda.

*Las habitaciones están reservadas.* Vyumba vina nafasi iliyowekwa. Mimi sionekani.

*Tengo reservadas dos habitaciones.* Nina vyumba viwili, nafasi imeshawekwa, viko mkononi mwangu. Partisipio inafuata vyumba: wingi, umbo la kike. Sentensi hii haidai hata kwamba ni mimi niliyepiga simu. Huenda wakala alinifanyia.

*Dejé reservadas dos habitaciones.* Niliweka nafasi kabla sijaondoka, jambo likaachwa tayari.

Ndiyo maana mteja mwenye wasiwasi hasemi *he reservado*, husema *tengo reservada una habitación*. Anadai chumba chake.

*Tener* ina masharti. Inataka kitenzi chenye kitu kinachotendwa, na tendo linaloacha alama. *Tengo escritas tres páginas*, sawa. *Tengo llegado*, hapana, isipokuwa kaskazini-magharibi mwa Hispania, Galicia hasa, ambako utasikia *tengo ido* kwa maana ya "nimewahi kwenda mara kadhaa". Ni alama ya eneo lile; ifahamu, usiige.

Kuna misemo miwili ya kukariri nzima nzima. *Tengo entendido que...* ni "ninavyofahamu mimi...". *Te tengo dicho que no corras* ni sauti ya mama: nimeshakwambia mara ngapi usikimbie! Hapo *tener* imebeba marudio pamoja na uchovu wa marudio.

14. Dejar nayo?

*Dejar* ni upande wa pili wa *quedar*: yule anayesababisha, huyu anayebaki. *La lluvia dejó cortada la carretera*. *La carretera quedó cortada*. *Dejé la ventana abierta*, niliacha dirisha wazi. *Dejó dicho que volvía a las cinco*, aliacha maagizo kwamba angerudi saa kumi na moja. *Me dejó plantado* ni kuachwa umesimama kama mti uliopandwa, yaani mtu mliyeahidiana hakutokea.

15. Llevo leídas cien páginas ni sawa na he leído cien páginas?

Karibu, lakini *llevar* inahesabu na haijafika mwisho. *Llevo leídas cien páginas*: mpaka sasa nimeshasoma kurasa mia, na naendelea. Bila kiasi au idadi haikai vizuri. *Ir* hufanya vivyo hivyo kwa upande wa vitu: *van vendidos treinta boletos*, tiketi thelathini zimeshauzwa hadi sasa.

16. Kuna vingine?

Vichache vya kutambua tu. *Seguir* ni *bado* (swali la 5). *Andar* huongeza hali ya kuhangaika huku na huku: *anda preocupado*. *Venir* hueleza kitu kinavyokufikia: *viene envuelto en plástico*. *Encontrarse* na *hallarse* ni *estar* iliyovaa suti.

## Mitego

17. Kwa nini siwezi kusema está llegado? Si "amefika"?

Amefika, ndiyo, lakini jaribu *bado amefika*. Haiendi. Kufika hakuachi hali ambayo Kihispania kinaitambua kwa *estar*. Kinachobaki ni kwamba mtu yupo. Sema *ya ha llegado*, *ya llegó*, au kwa urahisi *ya está aquí*. Vivyo hivyo *amekwenda* ni *se ha ido*. Kama kivumishi, hata hivyo, *los recién llegados*, "waliofika punde", inakubalika kabisa.

Vitenzi vya kazi isiyoacha alama navyo hukataa. *El carro está empujado* haimaanishi kitu: gari likishasukumwa, linafanana na ambalo halikusukumwa.

18. Está despertado, está llenado... mbona wananisahihisha?

Kwa sababu baadhi ya hali zina kivumishi chake kilichowahi kiti kabla ya partisipio. Aliyeamka *está despierto*, si *despertado*. Ndoo iliyojaa *está llena*. Sakafu iliyosafishwa *está limpia*, nguo zilizokauka *están secas*, mbwa aliyefunguliwa *está suelto*, aliyechoshwa na maneno yako *está harto*. Partisipio hubaki kwenye tendo: *he llenado el cubo, el cubo está lleno*.

Usione ajabu. Nasi tunasema *ndizi mbivu*, na *-bivu* lina ukoo na *kuiva*. Kihispania nacho husema *el plátano está maduro*, wakati *madurado* hukaa kwenye *ha madurado*.

19. Ni frito au freído?

Yote mawili. Vitenzi vyenye partisipio mbili zinazokubalika pamoja ni vitatu tu, pamoja na vilivyonyambuliwa kutoka kwavyo: *freír* (*freído, frito*), *imprimir* (*imprimido, impreso*) na *proveer* (*proveído, provisto*). Unaweza kusema *he frito el pescado* au *he freído el pescado*. Lakini samaki aliye kwenye sahani ni *pescado frito*. *Pescado freído* atakutazama vibaya.

*Muerto* ina siri yake. Katika lugha rasmi utakutana na *fue muerto a tiros*, "aliuawa kwa risasi", ambapo imekopeshwa kwa *matar*. Kwenye mazungumzo ni *lo mataron*.

20. Nikisema soy aburrido nimekosea?

Umejitukana. *Estoy aburrido*: nimechoshwa, sina la kufanya. *Soy aburrido*: mimi ni mtu wa kuchosha. Na *cansado*: *estoy cansado*, nimechoka, *es un trabajo cansado*, ni kazi inayochosha. Kuna partisipio kadhaa zilizogeuka kuwa tabia ya mtendaji zikikaa na *ser*: *es callado* (si msemaji), *es atrevido* (ana ujasiri, pengine uliopita kiasi), *es muy leído* (amesoma sana, ingawa kwa umbo ungedhani yeye ndiye aliyesomwa).

21. "Vyombo havijaoshwa" nasemaje?

Unaweza kusema *no están lavados*, ni sahihi. Lakini *-ja-* yetu ina matarajio ndani yake, kwamba vitaoshwa. Kihispania kinapata matarajio hayo kwa *sin* na kitenzi kisichonyambuliwa: *los platos están sin lavar*. Kazi iliyochelewa: *sigue sin terminar*. Kilichobaki kwenye orodha: *quedan tres platos por lavar*. *Sin lavar* inalalamika kidogo, *por lavar* inahesabu tu. Kinyume chake, meza iliyoandaliwa kwa chakula ni *la mesa está puesta*, na *mesa* unaijua: *meza* yetu ilitoka kwa Wareno, jirani zao.

22. Mgonjwa akisema "nimevunjika mkono"?

Wauguzi, hapa msikilize kwa makini. *Tengo el brazo roto* ni hali: mkono umevunjika, huenda tangu wiki iliyopita. *Me he roto el brazo* ni tukio. *Me rompí el brazo* pia ni tukio, lakini nalo lina tofauti ya pwani mbili za Atlantiki: sehemu kubwa ya Hispania, *me he roto* huelekea tukio la leo na *me rompí* la siku zilizopita, sehemu kubwa ya Amerika, *me rompí* huweza kuwa la dakika tano zilizopita. Kwa hiyo mgonjwa kutoka Meksiko akisema *me rompí el brazo*, usiandike kwamba ni jeraha la zamani. Muulize *¿cuándo?*, "lini?"

Kiungo huchukua *el* au *la*, si *mi*, kama vile nasi hatusemi *nimevunjika mkono wangu*. *Tengo la pierna hinchada*: mguu umevimba. *Tengo la herida infectada*: kidonda kimeingia vijidudu.

23. Nasikia watu wakisema "cansao". Nami niseme hivyo?

Katika usemi wa kawaida Hispania, *d* ya *-ado* mara nyingi huyeyuka: *cansao*, *cerrao*. Isikie, usiiandike. Na usiivute hadi kwenye *-ido* ukidhani ni kanuni moja: *dormío* hubeba alama nzito ya eneo na ya tabaka, na mgeni akiitamka anasikika kama anamwigiza mtu.